Kapteni Speke na sufuria ya maji yanayochemka

Mimi ni mpima ardhi. Nimestaafu, naishi Mwanza, na nina ugonjwa mmoja usio na dawa: kusoma wasafiri wa zamani kwa jicho la fundi. Wengine wanasoma ugomvi wao. Mimi nakimbilia majedwali ya latitudo na mwinuko, nione kama bwana huyu kazi aliijua au alikuwa anabahatisha.

Kwa John Hanning Speke, aliyefika hapa kwetu tarehe 3 Agosti 1858, jibu langu ni kwamba kazi aliijua, na aliijulia jeshini. Watoto shuleni wanamkariri kwa sentensi moja, "Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Victoria", kisha wanafunga daftari. Kuona si kazi. Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakiliona kila asubuhi wakienda kuvua.

Alizaliwa mwaka 1827 huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa watu wenye mashamba. Masomo hayakumkaa. Alipofika miaka 17, mwaka 1844, akapelekwa India kuwa afisa katika rejimenti ya 46 ya askari wa miguu wa Bengal. Jeshi lile lilikuwa mali ya Kampuni ya India ya Mashariki, kampuni ya biashara iliyokuwa ikikusanya kodi na kupigana vita kama dola. Speke akaingia vita vya Punjab dhidi ya Masingasinga, akawa Chillianwala na Gujrat mwaka 1849, akatoka mzima.

Vita vikaisha. Afisa kijana kambini wakati wa amani hana kazi, na wengi walimaliza siku kwa karata na chupa. Speke hakuwa mnywaji. Yeye kila akipata likizo alipanda milima ya Himalaya, akavuka hadi Tibet, bunduki begani, akiwinda na kuchora ramani ya alikopita. Wakubwa wake walimpa ruhusa kwa sababu hiyo hiyo ya ramani: sehemu zile zilikuwa tupu kwenye karatasi zao. Huko ndiko alikojifunza mambo matatu yaliyomleta hadi Mwanza: kutembea siku nyingi bila kulalamika, kupata latitudo kwa jua na nyota, na kupima mwinuko kwa maji ya moto.

Hili la tatu ndilo nalipenda. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi ukiwa usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inayoyagandamiza inapungua uzito, nayo yanachemka mapema. Kila mita 300 hivi unazopanda, unapoteza uzi mmoja. Kwa hiyo ukiwa na kipimajoto kizuri, sufuria na kuni, unaweza kukaa katikati ya bara, mwendo wa miezi kutoka pwani, ukasema umesimama juu kiasi gani kuliko bahari. Wapima wa siku hizi wana jipiesi inayoongea na setilaiti. Speke alikuwa na chai.

Niliwahi kulifanya mwenyewe. Nilichukua kipimajoto cha maabara nikaenda kwa mama lishe mmoja karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nikamwomba sufuria moja ya maji matupu. Nikachutama pale, miwani puani. Yakachemka. Zebaki ikapanda, ikagota kwenye 96 na kidogo, ikakataa kwenda mbele hata alipoongeza mkaa.

"Mzee, hayo maji utakunywa au unayatazama tu?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe! Ndiyo maana maharage yangu hapa yanakula mkaa hivi. Kwetu Tanga hayakawii."

Ni kweli kabisa, na sikuwa nimeliwaza hilo kabla yake. Maji ya Mwanza hata yakitokota vipi hayafiki joto la maji ya Tanga.

Sasa tumfuate kapteni. Mwaka 1854, baada ya miaka kumi ya utumishi, alistahili likizo ndefu. Akashuka Aden akitaka kuwinda Afrika. Badala yake akaunganishwa na safari ya Luteni Richard Burton kwenda nchi ya Wasomali. Aprili 1855, usiku, kambi yao Berbera ikavamiwa. Afisa mwenzao Stroyan akauawa, Burton akachomwa mkuki ukaingia shavu hili ukatokea lile, na Speke akakamatwa, akafungwa, akadungwa majeraha kumi na moja kabla ya kuponyoka na kukimbilia pwani. Katika vurugu ile Burton alimwambia asirudi nyuma, adui wasije wakadhani wanakimbia. Kwa mwanajeshi maneno hayo ni tusi, na Speke hakuyasahau. Nadhani nusu ya ugomvi wao wa baadaye juu ya chanzo cha Mto Nili ulianzia hapo mchangani.

Baada ya kupona akaenda vita vya Crimea na kikosi cha Waturuki chini ya Waingereza, na Desemba 1856 akatia nanga Unguja pamoja na Burton yule yule.

Burton alikuwa bahari ya lugha, Kiarabu akikizungumza vizuri, Kiswahili akakidaka haraka. Speke alikuwa na Kihindustani cha kambini tu. Angekuwa bubu safari nzima kama si mtu mmoja waliyemkuta mwanzoni mwa 1857 katika ngome ya Sultani huko Chogwe, karibu na Pangani. Huyo ni Sidi Mubarak Bombay, Myao, aliyekamatwa utotoni, akauzwa Kilwa, akavushwa bahari hadi India akakulia utumwani. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi pwani yetu akawa askari. Kihindustani anacho. Basi ikawa hivi: afisa wa Kiingereza na mtumwa wa zamani wa Kiyao wanatembea kutoka Kaole, jirani na Bagamoyo, hadi Unyamwezi wakiongea lugha ya India, wote wawili wakiiongea vibaya. Kila neno ambalo Speke aliambiwa na mtemi au mvuvi lilipita kwanza kinywani mwa Bombay.

Februari 1858 wakafika Ujiji. Macho ya Speke yalikuwa yamevimba kwa ugonjwa, akaona ukungu tu mahali penye ziwa. Burton miguu haikumbeba. Mmoja haoni, mwingine hatembei. Speke akajikokota kuvuka Tanganyika kutafuta jahazi la kukodi, na usiku mmoja kisiwani dudu likamwingia sikioni, likaanza kuchimba. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, halikutoka. Akachukua kisu cha mfukoni akalichokoa mwenyewe. Alikaa na sikio bovu miezi mingi, na anasimulia kwamba akipenga kamasi, sikio lilikuwa linapiga mluzi.

Katika hali hiyo akachemsha maji. Vipimajoto vyake vizuri vilikuwa vimeshaharibika njiani, kilichobaki ni cha kupimia maji ya kuogea. Akapata futi 1,800 na ushei. Kimo halisi cha Tanganyika ni kama futi 2,540, yaani mita 773. Amekosea futi 700 hivi. Ukipiga hesabu, kosa lote ni uzi mmoja na kidogo wa Farenhaiti. Kipimajoto cha bafuni kikizidisha uzi mmoja na robo, ziwa zima linazama mita 200. Siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe nimewahi kukosea zaidi nikiwa na chombo cha mamilioni.

Ila kosa lile lilifanya kazi ya ajabu. Burton aliporudi Ulaya alitaka chanzo cha Nili kiwe Tanganyika, maji yatoke kaskazini kwa mto Rusizi. Watu wa Speke wakajibu: ziwa liko chini mno, maji hayapandi mlima. Burton akaishambulia namba ile, na kwa upande wa namba hakuwa mjinga. Tanganyika kwa kimo chake halisi liko juu ya Ziwa Albert, ambalo ni mita 619 tu. Kwa mwinuko peke yake usingeweza kumkatalia. Kilichomshinda ni Rusizi wenyewe: unaingia ziwani, hautoki. Mwaka 1858 wao wawili walifika Uvira wakaambiwa hivyo na wenyeji, wakageuza bila kuuona mdomo wa mto. Stanley na Livingstone wakaenda kuuona Novemba 1871. Speke alikuwa sahihi, kwa hoja isiyo sahihi.

Turudi Kazeh, Tabora ya leo. Wafanyabiashara Waarabu, hasa Snay bin Amir, waliwaambia wazi kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko la Ujiji. Burton mgonjwa, ana wa kuzungumza naye. Speke hana. Mwanzoni mwa Julai akaondoka na Bombay na kundi dogo, siku ishirini na kitu akafika. Alikaa siku tatu. Alipouliza ziwa linaishia wapi kaskazini, mwenyeji mmoja alimjibu kwamba huenda linafika mwisho wa dunia. Akachemsha maji, safari hii kipimo kikatoka: futi 3,700 na kitu. Kimo cha sasa ni mita 1,134, yaani futi 3,720. Nikisoma pale huwa nasimama na kuvua kofia.

Kisha akaharibu. Akatangaza kwamba hiki ndicho chanzo cha Nili, ziwa lenye kilometa za mraba 68,000 hivi, akiwa ameona ghuba moja. Kipimo kilimpa ruhusa ya kusema "inawezekana". Yeye akasema "ndiyo". Ikambidi arudi mwaka 1860 kutafuta ushahidi, sasa na James Augustus Grant, afisa mwingine wa jeshi la Bengal aliyejeruhiwa vitani Lucknow, India. Ndiye mwenye swala granti wetu.

Karagwe kwa Mfalme Rumanika alipokelewa vizuri, na huko akatoa utepe akampima shemeji wa mfalme, mama mnene kupindukia, mkono, kifua, paja. Kitabuni ameorodhesha inchi zote. Nikisoma ukurasa ule naona aibu kwa niaba ya fani yangu. Na palepale, katika kitabu hicho cha mwaka 1863, anaeleza kwamba watawala wafugaji wa nchi hizi hawawezi kuwa wa hapa, lazima walitoka Uhabeshi. Ushahidi wake ni sura za watu, ng'ombe, na Biblia. Mtu aliyechemsha maji mara mbili mbili apate futi sahihi, kwenye asili ya watu hakuchemsha chochote. Rwanda hakufika. Nadharia ile ilichukuliwa na wakoloni, wakaandikia vitambulisho, na majirani zetu wanaijua gharama yake kuliko mimi.

Buganda alikaa miezi mingi kwa Kabaka Mutesa, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama Jinja akaona maji yakimwagika kutoka ziwani kwenda kaskazini. Grant hakuwapo, mguu ulikuwa umemwoza na Speke alikuwa amemtuma njia nyingine. Nami nasema alitaka kuwa peke yake. Wala hakuufuata mto hatua kwa hatua: aliukata kona, akaacha pengo kwenye ramani, na pengo hilo ndilo Burton alilolishika.

Speke na Burton walipangiwa kujadiliana hadharani mjini Bath, Uingereza, Septemba 1864. Alasiri ya tarehe 15, siku moja kabla, Speke alikuwa akiwinda kwereng'ende na binamu yake huko Neston Park, shamba lililo karibu na Bath. Akipanda ukuta mfupi wa mawe bunduki ikalia, risasi ikampiga chini ya kwapa la kushoto. Alikuwa na miaka 37. Baraza la uchunguzi lilisema ni ajali. Mwaka 1875 Stanley akalizunguka ziwa zima kwa mashua, akakuta ni ziwa moja, na ghuba iliyo mashariki ya Mwanza akaipa jina la Speke.

Maporomoko aliyoyaona Jinja hayapo tena. Bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1954 liliyafunika. Nilikwenda huko na kipimajoto changu, nikitaka kuchemsha maji ukingoni, maana ziwa ni moja na uso wake ni bapa: kinachochemka Mwanza kwenye 96 na kidogo, Jinja lazima kichemke hapo hapo. Mlinzi mmoja akanikuta napepea mkaa.

"Mzee, unapika nini hapa?"

"Maji."

"Na nini?"

Akanifukuza, kwa heshima. Nikaingia kwenye kibanda cha chai barabarani, nikaomba birika lifunuliwe kidogo. Tisini na sita na kidogo.