Maana ya Taharuki katika Filamu Fupi na katika Michezo

Taharuki ni hali ya mtazamaji kusubiri kwa wasiwasi jambo ambalo ameshaliona linakuja, huku hajui litaishaje na hana uwezo wa kulizuia. Wengi wetu tulikutana na dhana hii katika somo la fasihi, tukaambiwa kuwa ni ile hamu ya kutaka kujua kitakachofuata. Maelezo hayo si mabaya, lakini kijana wa Mbeya au Iringa anayeandika filamu fupi ya kuigiza hayamfikishi mbali, kwa sababu humfanya aamini kwamba kazi yake ni kuficha mambo hadi mwisho. Ukweli ni kwamba taharuki huanza pale mtazamaji anapopewa habari, si pale anaponyimwa.

Tuchukue lori linaloteremka Mlima Iwambi, mteremko mkali wa barabara huko Mbeya. Likifeli breki ghafla, bila sisi kuonyeshwa chochote kabla, tutaruka kwenye viti kwa sekunde chache na habari itaishia hapo. Huo ni mshtuko. Lakini ikiwa tulimwona fundi akimwambia dereva kwamba breki hazifai, na tukamsikia tajiri akimhimiza kwa simu kwamba mzigo uondoke asubuhi ileile, basi kila kona ya mteremko ule itatukaza roho, hata kama barabara ni nyeupe na dereva anaimba. Hakuna kilichoongezeka barabarani. Kilichoongezeka ni kile tunachokijua sisi na dereva anachojaribu kukisahau.

Michezo huvuta watu mbele ya skrini kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana mwandishi wa filamu anafaidika akiitazama kwa jicho la kazi. Katika kibanda umiza, yaani banda la kulipia kutazama mechi, pale Mwanjelwa, hakuna anayehitaji kuelezwa dakika 90 ni nini, au timu yake inahitaji mabao mangapi. Kanuni zimeshampa kila mtu habari zote isipokuwa moja. Penalti inalionyesha hili waziwazi: mpira huwekwa mita 11 kutoka langoni, na ukishapigwa kwa nguvu hufika katika muda wa kama nusu sekunde, muda mdogo mno kwa mtu kuhisi chochote. Taharuki yote imekaa kabla ya mpigo, pale mpigaji anapouweka mpira upya, kipa anapogusa mwamba, na kamera inapohama kutoka uso mmoja kwenda mwingine.

Mfano mkubwa zaidi tunao wenyewe. Mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alishinda mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Alichomoka mapema na kuwaacha wenzake kwa pengo kubwa, badala ya kujibanza kwenye kundi na kungoja mzunguko wa mwisho. Kwa hiyo watazamaji hawakuwa na fumbo la kufumbua. Walimwona yuko mbele, wakaliona pengo likipungua, wakamwona John Walker wa New Zealand akimkaribia kwenye mita za mwisho, na swali likabaki moja tu: je, atafika kabla hajakamatwa? Alifika.

Hata hivyo, mtengenezaji wa filamu hawezi kuichukua taharuki ya uwanjani kama ilivyo. Mechi ya Mbeya City na Tanzania Prisons pale Sokoine haijaandikwa na mtu, na kila aliyeketi jukwaani analijua hilo. Filamu imeandikwa, na mtazamaji wake anajua kwamba mwandishi ameshaamua nani afunge. Ndiyo maana filamu nyingi fupi za michezo, ambazo watengenezaji wake wamemalizia nguvu zote kwenye chenga na mwendo wa polepole, hazimshiki mtu. Swali la nani atashinda likiandikwa hupungua nguvu, na linalolishinda ni lile la gharama: mtu huyu atalipa nini ili afike anakotaka?

Mkimbiaji wa Tanzania, John Stephen Akhwari, alilijibu swali hilo bila kuandikiwa na mtu. Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani giza likiwa limeshatanda, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, na akawa wa mwisho kati ya waliomaliza. Medali zilikuwa zimekwisha, na bado picha zile zinatukaza roho kila mguu wake unapokanyaga chini, kwa kuwa tunaiona bandeji.

Sasa tuitumie dhana hii katika muswada wa kurasa kumi, ambao kwa kawaida hutoa filamu ya dakika kumi hivi, kwa kuwa ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja. Alfajiri ya baridi pale Uyole, vijana wawili wanapakia lumbesa za viazi kwenye lori. Gunia linateleza na kumbana mmoja wao vidole vya mkono wa kushoto. Mwenzake anamsaidia kuvifunga kitambaa. Jioni yule aliyeumia ni kipa, na tunamwona akivaa glavu taratibu, akiwa amempa kocha mgongo. Mwenzake yuko timu pinzani. Dakika za mwisho inatolewa penalti, na anayeitwa kuipiga ni yuleyule aliyefunga kitambaa.

Hapo mwandishi hahitaji uwanja uliojaa wala muziki wa kutisha. Mtazamaji anaujua mkono mbovu, mpigaji anaujua, kipa anajua kwamba mpigaji anaujua, na kocha peke yake ndiye hajui. Makelele ya mashabiki yanaweza kusikika tu nje ya picha, jambo linalopunguza gharama kwa kundi lenye kamera moja. Mhariri naye anaweza kuzirefusha hatua tatu za mpigaji hadi sekunde 20, akikata kutoka kwenye macho yake kwenda kwenye glavu ya kushoto, na hakuna atakayelalamika kwamba muda umevutwa, mradi ile picha ya gunia ilikaa vya kutosha mwanzoni. Ikipita haraka mno, yote haya huporomoka.

Kuhusu matokeo, naamini swali linalopaswa kujibiwa ni lile ambalo filamu yenyewe imelijenga. Tukishaona mpira umeelekezwa upande gani, tumeshajua mpigaji ni mtu wa namna gani, na filamu inaweza kukatwa kabla mpira haujafika langoni.