“Hakuna Tafiti Kuhusu Mada Yangu”: Jibu la Mkutubi

Kila unapofika msimu wa kuwasilisha mapendekezo ya utafiti, hunijia mwanafunzi mwenye sentensi ile ile, na safari hii ilikuwa imechapwa na kupigiwa mstari: “Hakuna utafiti uliowahi kufanyika kuhusu mada hii.” Mada yenyewe ilikuwa kichocho miongoni mwa watoto wa shule za msingi kando ya Ziwa Victoria. Kumwambia mkutubi wa chuo cha afya kwamba kichocho cha Ziwa Victoria hakijachunguzwa ni sawa na kumwambia mvuvi wa Ukerewe kwamba ziwani hakuna samaki.

Nilimwuliza alikotafuta, akasema Google. Nilipomwuliza alitumia maneno gani, alinionyesha simu yake: alikuwa ameandika kichwa kizima cha utafiti wake, kwa Kiswahili, kuanzia “Kuchunguza mambo yanayochangia” hadi jina la kata. Bila shaka hakupata kitu. Alichokitafuta ni utafiti wake mwenyewe, ambao bado hajaufanya.

Naomba nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa ndilo linalowafanya wengi waamini kwamba maktaba ni tupu. Hifadhidata za makala za kisayansi, kwa sehemu kubwa, hulinganisha maneno uliyoandika na maneno yaliyomo katika kichwa, ikisiri na istilahi za makala. Makala nyingi za tiba kuhusu nchi yetu zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo neno “kichocho” litakupatia machache sana. Hata ukihamia Kiingereza, kazi haijaisha. Makala za zamani hutumia “bilharzia”, jina lililotokana na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyemgundua mnyoo anayesababisha ugonjwa huo akiwa Cairo mwaka 1851. Za sasa hutumia “schistosomiasis”. Nyingine hutaja kimelea peke yake, Schistosoma mansoni kwa kichocho cha tumbo au Schistosoma haematobium kwa kichocho cha kibofu, na wanaochunguza konokono wanaobeba vimelea hivyo huweza kuandika majina yao tu, Biomphalaria au Bulinus, bila kuutaja ugonjwa kabisa katika kichwa cha makala. Anayetumia jina moja tu atakuwa ameacha sehemu kubwa ya maandiko bila kujua kwamba ameyaacha.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba majina yote ya jambo moja yaunganishwe kwa OR (lolote kati yake), na mafungu ya mambo tofauti, kwa mfano ugonjwa, watoto na mahali, yaunganishwe kwa AND (yote kwa pamoja). Katika PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, unaweza pia kukata neno na kuweka kinyota, “schistosom*”, ukapata ugonjwa na kimelea kwa pamoja. Google Scholar haiijui alama hiyo, kwa hiyo msiniletee lawama. PubMed ina vilevile istilahi rasmi ziitwazo MeSH, ambazo huwekwa kwenye makala bila kujali mwandishi alipendelea jina gani, na mwanafunzi wa afya asiyezitumia anajitesa bure.

Kosa la mahali linaniudhi zaidi, pengine kwa sababu halihitaji utaalamu wowote kuliepuka. Jina Tanzania lilianza kutumika mwaka 1964, kwa hiyo makala ya miaka ya 1950 itataja Tanganyika, na huenda ikaandika “Lake Province” pale unapotarajia kuona mkoa wako. Jina la kata, nalo, huwa halimo katika ikisiri. Watafiti hutaja wilaya, kisiwa au ziwa. Anza bila mahali, soma yanayotokea, kisha punguza eneo taratibu.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Mwanafunzi akiwa hosteli kwa bando lake, tovuti ya mchapishaji haimtambui kama mtu wa chuo, hivyo humdai dola, naye huondoka akiamini kwamba chuo hakina jarida hilo. Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na ambao sasa ni sehemu ya Research4Life, huzipatia taasisi zilizosajiliwa nchini maelfu ya majarida bila malipo, lakini ni lazima uingie kupitia maktaba. Njoo uelekezwe namna ya kuingia. Ni kazi ya dakika chache.

Usisahau tasnifu. Hazina za kidijitali za Muhimbili na Sokoine ziko wazi mtandaoni, na mara nyingi orodha ya marejeo ya tasnifu moja nzuri hukuokolea wiki nzima ya kutafuta. Je, tasnifu ya shahada ya uzamili ina uzito sawa na makala iliyopitiwa na wataalamu? Wasimamizi wenyewe hawakubaliani, nami sina jibu la jumla: nimesoma tasnifu zilizoshinda makala, na makala ambazo sikuelewa zilipitiwa na nani. Vivyo hivyo kwa majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote ilimradi mwandishi amelipa. Orodha maarufu ya majarida hayo, iliyotungwa na mkutubi Mmarekani Jeffrey Beall, iliondolewa mtandaoni mwezi Januari 2017, na ilikuwa na ubishani hata kabla ya hapo. Jarida kuwamo katika AJOL (mkusanyo wa majarida ya Afrika mtandaoni) au DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bila malipo) ni dalili njema lakini si dhamana, na kila ninapolazimika kutoa uamuzi mezani huutoa kwa wasiwasi fulani.

Lipo pia swali ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulipita haraka: nani anaweza kuthibitisha kwamba kitu hakipo? Si mimi, wala si msimamizi wako. Kinachoweza kuandikwa kwa uaminifu ni kwamba ulitafuta katika hifadhidata fulani, kwa maneno fulani, hadi tarehe fulani, na hukukuta utafiti uliohusu kundi hilo katika eneo hilo. Mwanafunzi wa kichocho alirudi na sentensi ya namna hiyo, ikiwa na maneno yake yote ya kutafutia katika kiambatisho, na pengo lake, yaani kile alichosema hakijachunguzwa, likawa dogo kuliko la awali: si ugonjwa wenyewe tena, bali watoto wasiokwenda shule, ambao ugawaji wa dawa za kichocho shuleni huweza kuwapita.