Utoro wa bwawa si mahali pa kuweka magunia

Mwenye bwawa akinipigia simu mara nyingi ni kuhusu kuvuja, "injinia kuna unyevu huku nyuma ya tuta", na nikifika kabla hata sijaenda kuangalia huo unyevu naomba kwanza nipelekwe kwa utoro, ile spilwei, pale pembeni maji ya ziada yanapotokea bwawa likijaa. Wengine wanaona kama nimepotea njia. Lakini bwawa la udongo halina adui mkubwa kuliko maji kupita juu ya tuta. Ukuta wa zege unaweza kuvumilia kiasi, udongo hauvumilii, maji yakianza kuteremka ule mgongo mkavu yanachimba mfereji, mfereji unarudi nyuma ukipanda, na kwa masaa machache, saa zingine hata hayafiki, tuta limekatika katikati na maji yote yamepata njia. Utoro ndio unaozuia hayo yasianze.

Sasa kinachonikera mimi ni magunia. Kiangazi kinakaribia, mwenye shamba anaona maji yanatoroka kwa utoro anasema hii ni hasara, anapanga magunia ya mchanga pale kwa kizingiti, ule ukingo wa utoro maji yanapoanzia kutoka, au anajenga kaukuta ka mawe, ili bwawa libebe nusu mita zaidi. Na maji yanaongezeka kweli, sikatai, juu ya bwawa pamepanuka kwa hivo hiyo nusu mita ni maji mengi. Alafu mvua kubwa inakuja inakuta magunia bado yako pale na yameota nyasi. (Usiniambie maji yatayasukuma yenyewe, gunia lililoota nyasi halina haraka ya kwenda popote.)

"Nusu mita tu injinia, si kitu." Haya tupige hesabu basi, sio ngumu. Chukua utoro wa upana wa mita 10 ambao kutoka kizingiti mpaka juu ya tuta kuna mita 1. Maji yakipita pale kwa kina cha hiyo mita nzima, unatoa kama mita za ujazo 17 kwa sekunde. Weka magunia ya nusu mita. Watu wanadhani wamebakiwa na nusu yake, yaani 8 na kitu. Hapana, inabaki kama 6, manake maji yakipungua kina yanapungua na mwendo pia, unapigwa mara mbili. Theluthi mbili hivi ya utoro umeitupa kwa magunia ambayo hata hukununua, yalikua ya mbolea. Na hapo nimehesabu maji yakifika ukingoni kabisa, kitu ambacho hatutaki kamwe, kwa sababu upepo ukivuma kuna mawimbi na tuta lenyewe huwa limezama kidogo katikati kwa miaka. Bwawa dogo likiwa limejaa mpaka kizingiti, mimi napenda kuona angalau mita moja ya tuta juu ya maji, na ipimwe pale tuta lilipozama zaidi, sio pale mwisho karibu na geti.

Ndugu yake gunia ni wavu. Wanaofuga tilapia hawataki samaki waende kwa jirani kwa hivo wanaziba utoro na waya, na siku ya mvua kubwa ule waya unashika matawi, majani, plastiki, mpaka unakua ukuta. Hii imeshaua watu. Huko Pennsylvania, Marekani, kulikua na bwawa la udongo la South Fork, tuta la mita 22 hivi, mali ya klabu ya matajiri waliokua wanaenda kuvua na kupumzika, Andrew Carnegie alikua mmoja wa wanachama. Tuta lilikua limepunguzwa juu ili magari ya farasi yapate nafasi ya kupita, utoro umewekewa wavu samaki wasitoroke, na yale mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalishang'olewa na mwenye bwawa wa kabla yao akayauza kama vyuma chakavu. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ikanyesha kupita kiasi, wavu ukaziba, na bila mabomba hakukua na njia nyingine ya kushusha maji, yakapita juu ya tuta. Mji wa Johnstown ulikua chini kwa bonde. Walikufa watu 2,209. Kwa hayo matatu, tuta lililopunguzwa ili gari lipite, wavu, na bomba la chini lisilofanya kazi, hakuna hata moja ambalo sijalikuta shambani, na kwa mabwawa mengine yote matatu yako pamoja.

Sasa turudi kwa ule unyevu niliouacha. Kila tuta la udongo linapitisha maji kidogo, hilo halinitishi. Ninachotaka kujua ni kama maji ni safi na kama yanaongezeka. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, kinga yale maji, iache itulie mpaka asubuhi, alafu angalia chini. Kama kuna udongo umetulia chini basi tuta linabebwa kidogo kidogo kutoka ndani, kuna katundu kanachimbwa kutoka huku nyuma kuelekea kwa maji, na hako kakifika upande wa pili hakuna mtu wa kukaziba. Kama ni safi, kinga kwa ndoo na upime na simu inajaa kwa muda gani, andika, pamoja na maji ya bwawa yalikua wapi siku hiyo, sababu bwawa likijaa maji yanayovuja yanaongezeka kawaida. Yakiongezeka na bwawa halijapanda, nipigie.

Na tafadhali usizibe pale yanapotokea. Najua mkono unawasha, watu wanaleta udongo wa mfinyanzi, wanaleta simiti, wanashindilia kabisa na siku hiyo panakauka kila mtu anafurahi. Maji hayajaenda mahali, yako ndani ya tuta yanatafuta pengine pa kutokea na sasa yana presha zaidi. Kinachofanyika ni kinyume, unaweka mchanga msafi kwanza, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki. Angalia sana pale bomba linapopita chini ya tuta, manake kushindilia udongo ubavuni mwa bomba ni kazi ngumu, rola haifiki, mafundi wanachoka, na maji yanapenda kufuata ubavu wa bomba.

Miti sitarefusha. Hakuna mti kwa tuta, hata wa kivuli, hata wa matunda, na mkaratusi usinitajie. Ukiwa mdogo ung'oe na mizizi. Ukiwa mkubwa usiukate tu ukaondoka, mizizi ikioza inaacha njia za maji ndani ya tuta, hapo ita mtu. Panda nyasi fupi zinazotambaa na uzikate, sio kwa urembo, ni ili uone mashimo ya fuko na nyufa. Ng'ombe wakunywe kwa birika chini, wasitengeneze njia juu ya tuta.

Ukiamua kushusha maji kwa matengenezo, shusha polepole, kama sentimita 30 kwa siku. Ule upande wa ndani umelowa na ulikua umeegemewa na maji, ukiyaondoa haraka unaporomoka. Kama maji machafu yanatoka kwa nguvu huko nyuma hiyo sheria haipo, fungua kila kitu na watu wa chini wahame.

Hao watu wa chini ndio wanaonipa wasiwasi kuliko tuta. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, bwawa la shamba la mtu binafsi, lilipasuka baada ya mvua nyingi na likaua watu zaidi ya 40 waliokua kwa nyumba zao mteremkoni. Mabwawa yetu kwa sheria yanapangwa kwa madaraja, kina, ujazo na vitu kama hivo, na kibali cha WRA, ile mamlaka ya rasilimali za maji ya Kenya, ni lazima, kichukue. Lakini maji ya daraja la chini kabisa yakishuka mlima usiku bado yanabeba nyumba, na wakati bwawa linachimbwa pengine kule chini kulikua na mahindi tu, leo kuna ploti, kuna shule, kuna kanisa la mabati. Tembea na miguu ufuate maji yatakapopita, hesabu milango, chukua namba za simu. Alafu hizo namba ziwe kwa simu ya mlinzi na iwe na kredo, sio kwa yako peke yake, manake mvua ikinyesha saa nane usiku wewe uko Nairobi umelala.