Mei haifungui kila barabara ya Norwei

Wengi wanaopanga safari ya Norwei huamini kwamba Mei ikifika, baridi imekwisha na barabara zote za milimani ziko wazi. Si kweli. Kule msimu hupanda mlima taratibu. Kandokando ya Hardangerfjord, mkono mrefu wa bahari ulioingia kati ya milima, mitufaha huchanua Mei. Lakini ukiendesha gari kuelekea juu, muda si mrefu unakutana na kuta za theluji. Barabara ya Sognefjellet, inayofika mita 1,434 juu ya usawa wa bahari, hufungwa majira ya baridi na kwa kawaida hufunguliwa Mei; ile ya Aurlandsfjellet aghalabu husubiri hadi karibu na Juni. Usikate tamaa: chini ya mlima huo wa Aurlandsfjellet lipo handaki la barabara la Lærdal, kilomita 24.5, nalo hupitika mwaka mzima. Hata treni ya Flåm hupanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 866 theluji ikiwa bado ipo.

Mimi bado ningechagua Mei, kwa sababu theluji inayoyeyuka ndiyo inayoyapa maporomoko ya maji nguvu zake. Ila tarehe 17 ni sikukuu ya taifa na maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua chakula siku moja kabla.