Florida 2000: Kura 537 na vipande visivyodondoka

Wengi wakisimulia uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2000 katika jimbo la Florida huanzia Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Mimi huanzia kwenye karatasi ya kura, maana mgogoro ulizaliwa humo. George W. Bush wa Republican alitangazwa na kura 2,912,790, Al Gore wa Democratic 2,912,253. Kwa tofauti hiyo ya 537, Bush alizoa wajumbe wote 25 wa jimbo wanaomchagua rais, na urais juu yake.

Kaunti ya Palm Beach ilipanga wagombea kwenye kurasa mbili zinazotazamana, matundu yakiwa katikati. Kushoto Bush alikuwa wa kwanza, Gore wa pili. Lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo cha Reform, aliyeongoza safu ya kulia; la Gore lilikuwa la tatu. Buchanan akavuna kura 3,407 pale, karibu moja ya tano ya kura zake za jimbo zima, na mwenyewe alikiri kwamba nyingi si zake. Waliopiga kwa posta hawakupewa mpangilio huo, na kiwango chao cha kumchagua kilikuwa chini mno. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kwamba mpangilio uliwapotosha wapiga kura. Zaidi ya kadi za kura 19,000 za kaunti hiyo zilikutwa na matundu mawili au zaidi ya urais, zikahesabiwa zimeharibika. Hizo hata uhesabu upya mara kumi, haziokoki.

Zilizogombaniwa ni kadi ambazo mashine haikuona tundu lolote. Mpiga kura alitumbukiza kadi chini ya kijitabu cha majina, kisha akatoboa kwa kijiti chenye ncha. Kila kipande kidogo cha karatasi kinachopaswa kutoka tundu likitobolewa kimeshikwa kwa pembe nne. Kikisukumwa vizuri hudondoka, na mwanga wa mashine ya kusomea kadi hupita kwenye tundu. Kikibaki na pembe moja hujirudisha na kuziba. Kikibonyea tu, mwanga haupiti kabisa.

Sheria ya jimbo ilisema nia ya mpiga kura itazamwe, bila kusema pembe ngapi zinatosha. Katika kuhesabu upya kwa mkono, kaunti ya Broward walikubali hata kadi iliyobonyea tu, Palm Beach walikuwa wagumu zaidi. Tofauti hizo za vigezo ndizo zilizowapa majaji wa Mahakama ya Juu hoja ya usawa wa wapiga kura, na tarehe 12 Desemba wakakomesha kuhesabu upya kwa kura 5 dhidi ya 4.

Kuna jambo husahaulika: kadi yenyewe hubadilika. Kila ikipitishwa kwenye mashine au kushikwashikwa, vipande vinavyoning'inia hudondoka, na hesabu ya pili hutofautiana na ya kwanza bila mtu yeyote kuiba.