Pumzi Haimezeshi Kitabu: Yanayosemwa Kuhusu Yoga na Kusoma

Dakika kumi kabla ya moko, yaani mtihani wa majaribio, ya hisabati nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja ameng'ang'ania ukingo wa dawati. Vidole vinamchomachoma, midomo imekufa ganzi, chumba kinazunguka. Wenzake walimwambia kwamba akihema haraka haraka mara hamsini, oksijeni itapanda kichwani na fomula zote zitarudi. Alikuwa amefika thelathini na kitu.

"Ukivuta hewa nyingi, ubongo unapata oksijeni zaidi"

Dhana hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana hata walimu tunaieneza. Mtu mwenye afya, akiwa ameketi tu, damu yake imeshabeba oksijeni kwa asilimia 95 hadi 100. Daladala imejaa, konda akizidi kuita abiria, viti haviongezeki. Anayehema mbiombio anachofanya ni kutoa kabonidayoksaidi kupita kiasi. Gesi hiyo tumezoea kuiona takataka, kumbe ndiyo inayosaidia mishipa ya damu ya ubongo isibane. Ikipungua, mishipa inasinyaa, damu inayofika kichwani inapungua, na kizunguzungu kinaanza. Kijana alikuwa anajinyima kile kile alichokitafuta.

Kinachosaidia ni kwenda polepole. Kwa kawaida mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Vuta kwa pua sekunde nne, toa kwa sekunde sita, bila kujikamua; utakuwa umeshuka hadi mara sita. Sasa bonyeza mshipa wa kifundo cha mkono usikilize. Ukivuta, mapigo yanakimbia kidogo, ukitoa, yanalegea. Breki hiyo inashikwa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Moyo ukitulia, hofu nayo hupungua makali, na mwenye hofu ndogo anaweza kusoma swali hadi mwisho wake.

"Yoga inaongeza akili"

Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya dakika 20 za yoga, yaani mazoezi ya viungo na pumzi, wanafunzi walifanya vizuri zaidi majaribio mafupi ya umakini na kumbukumbu kuliko baada ya mazoezi ya kukimbia au kutembea kwenye mashine. Habari njema, ila walikuwa 30 tu, wote wanawake, na walipimwa papo hapo. Binamu wa yoga, yaani mafunzo ya kutuliza fikra, yalijaribiwa Uingereza kwa wanafunzi zaidi ya 8,000. Matokeo yalipotoka mwaka 2022, afya yao ya akili haikuwa bora kuliko ya wenzao waliofundishwa kama kawaida. Kwa hiyo anayekuuzia kozi ya "kufaulu kwa pumzi" mwulize kwanza ushahidi ameutoa wapi.

"Yoga ni ibada, mwanangu asiiguse"

Mzazi anayesema hivi hajazua. Yoga ilizaliwa India, imefungamana na dini za huko, na wapo wanaoifanya kama ibada hadi leo. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mazoezi ya viungo, mantra (maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa) na ibada. Saudi Arabia mwaka 2017 ikaruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Jimbo la Alabama, Marekani, liliipiga marufuku katika shule za umma mwaka 1993, likalegeza mwaka 2021, ila salamu ya "namaste" bado hairuhusiwi. Mimi naona shule iwaambie wazazi waziwazi ni zoezi gani litafanywa. Kuvuta na kutoa pumzi umekaa kwenye kiti hakuhitaji mantra.

Wala hakuhitaji mwili wa mwanasarakasi. Mgongo wima, nyayo chini, basi. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asijaribu mitindo ya kubana pumzi kabla ya kumwuliza daktari.

"Ukijua kupumua, unaweza kukesha"

Sisi tulitia miguu kwenye beseni la maji baridi ili tusilale. Naona beseni limestaafu na pumzi imechukua nafasi yake. Lakini uliyoyasoma mchana ubongo huyapanga ukiwa umelala, na pumzi ya polepole saa saba ya usiku itakulaza, haitakuamsha.

Kwenye prepo, kipindi cha kujisomea usiku, huwapa wanafunzi wangu dakika tatu: vitabu vimefungwa, mikono juu ya mapaja, taa zinawaka. Kila mara wawili watatu husinzia kabla dakika hazijaisha. Hao siwaamshi kwa kelele. Nawagusa bega, nawatuma bwenini.