Vita vya Kwanza vya Dunia havikuwa vya Wazungu peke yao

Wengi wanaopita Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, huamini kwamba vita vya 1914 hadi 1918 vilipiganwa Ulaya, na sisi tulitoa askari wachache tu. Si kweli. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, Waingereza wakaiteka Septemba 1916, na mapigano yakaendelea kusini hadi Msumbiji. Tena hayakukoma 11 Novemba 1918: Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimisha jeshi lake Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 ya mwezi huo.

Kinachoniuma zaidi ni wapagazi. Malori yalikwama kwenye matope, mbung'o wakaua wanyama wa mizigo, basi risasi na unga vikabebwa vichwani. Wanaume walikamatwa vijijini kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Maandishi ya sanamu ile yanawataja, lakini aliyechongwa ni askari mwenye bunduki.

Baada ya vita Ruanda na Urundi zikapewa Ubelgiji, na Tanganyika ikawa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Wenyeji hawakuulizwa.